Vipande Viwili: Mshahara na Saa za Kazi katika Kenya na Tanganyika

Masomo ya Historia kwa Redio, kwa Madarasa ya Watu Wazima. Somo la Saba.

Natumaini mmekwisha kaa, na kila mmoja ana daftari na kalamu yake. Kiongozi wa darasa, tafadhali andika maneno manne ubaoni kwa herufi kubwa: SHILINGI, SAA, WATU, HIARI. Hayo ndiyo maneno ya somo la leo, nasi tutayatumia moja moja mpaka mwisho.

Juma lililopita nilikwenda kulitazama darasa moja la jioni huko Tanga. Mwalimu aliandika ubaoni neno KIPANDE, akawaambia wanafunzi walisome. Mama mmoja akalisoma vizuri, kisha akasema, "Mwalimu, neno hili nalijua tangu utoto. Baba yangu alikuwa akimaliza kipande, ndipo tunapata nguo." Mzee mmoja, ambaye alizaliwa upande wa Kenya, akatikisa kichwa. "Hapana, Mama," alisema. "Kipande hakimalizwi. Kipande huvaliwa shingoni. Marehemu baba yangu alikuwa nacho, naye alikichukia mpaka kufa." Wakabishana kwa heshima, lakini wakabishana sana, hata mwalimu akaniomba niamue.

Niliwaambia kwamba wote wawili wamesema kweli. Neno ni moja, lakini mambo ni mawili, kwa sababu nchi zilikuwa mbili. Na mtu akitaka kujua ni wapi mfanyakazi alipata nafuu, Kenya au Tanganyika, hawezi kujibu mpaka avielewe vipande hivyo viwili. Basi, na tuanze.

1. Fedha moja, nchi mbili

Mara nyingi ni vigumu kulinganisha mishahara ya nchi mbili, kwa sababu kila nchi ina fedha yake. Lakini hapa kwetu tulikuwa na jambo la kutusaidia. Baada ya Vita Kuu ya kwanza, Waingereza walitawala Kenya, Uganda na Tanganyika pamoja. Rupia ikaondolewa, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 ikaletwa shilingi moja ya Afrika Mashariki. Shilingi hiyo ilitumika Mombasa, na Tanga, na Kampala, mpaka kila nchi ilipoanza kutoa fedha yake mwenyewe mwaka 1966.

Kwa hiyo mtu wa zamani zile angeweza kusema, "Kazi ni rahisi. Nitauliza shilingi ngapi zalipwa Kenya, na ngapi Tanganyika, kisha nitajua." Mtu huyo angekosea. Shilingi ilikuwa moja, lakini siku zilizotumika kuichuma hazikuwa sawa, wala saa hazikuwa sawa, wala sheria zilizomshika mfanyakazi hazikuwa sawa.

2. Kipande cha mkonge

Tuanze na kipande cha yule Mama, yaani kipande cha Tanganyika.

Mkonge si mmea wa kwetu asili. Uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani mmoja, Dakta Richard Hindorf. Aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani, lakini iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Ilipandwa karibu na Pangani, na kutoka miche hiyo mashamba yakaenea Tanga, Korogwe, Morogoro na kwingineko.

Mkonge wahitaji watu wengi wa kuupalilia, kuukata na kuusaga. Tangu wakati wa Wajerumani wenye mashamba walilia kwamba watu hawatoshi. Katika wilaya ya Wilhelmstal, ambayo ndiyo Lushoto ya leo, Serikali ya Kijerumani iliweka utaratibu wa kadi mwaka 1907. Kila mwanamume alitakiwa kumfanyia Mzungu kazi siku 30 katika kila miezi minne, kwa mshahara uliokwisha pangwa. Hapo kazi ya mshahara na kazi ya kulazimishwa zilikuwa ndugu wa damu.

Waingereza walipokuja, kipande kikawa hivi. Mfanyakazi alipewa karatasi yenye nafasi 30. Kila siku aliyomaliza kazi yake, karani alitia alama katika nafasi moja. Alama 30 zikitimia, amemaliza kipande, naye alilipwa. Lakini hakulazimika kufanya kazi siku 30 mfululizo. Kwa kawaida alikuwa na muda wa majuma sita hivi, yaani siku 42. Siku nyingine aliweza kukaa nyumbani, kulima shamba lake, kuuguza mtoto, au kupumzika.

Tena kazi ya siku moja haikupimwa kwa saa. Ilipimwa kwa ngwe. Mpalizi alionyeshwa sehemu yake. Mkataji aliambiwa akate mafungu kadhaa, kila fungu la majani 30, na idadi ya mafungu ilitofautiana kwa shamba na kwa wakati. Akimaliza, siku yake imekwisha. Mtu hodari aliyeingia shambani saa kumi na mbili asubuhi aliweza kutoka saa tano au saa sita mchana. Asiyemaliza hakupata alama, ijapokuwa jasho lilimtoka tangu asubuhi.

3. Kipande cha shingoni

Sasa tuvuke mpaka.

Kenya nako mashamba mengi yalikuwa na kazi ya tikiti ya siku 30. Lakini mtu wa Kenya akisema "kipande", hakuwa na maana ya tikiti hiyo. Alikuwa na maana ya cheti cha kuandikishwa. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutumika baada ya vita, mwaka 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa miaka 16 au zaidi alipaswa kuandikishwa na kutiwa alama za vidole. Cheti kiliwekwa katika kikopo cha chuma, na kikopo kikafungwa kamba na kuvaliwa shingoni. Wako watu waliokifananisha na kengele ya mbuzi. Aliyekutwa bila kipande aliweza kutozwa faini au kufungwa.

Je, cheti hicho kinahusu nini mshahara? Sikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo penye kiini. Juu ya kipande tajiri aliandika jina lake, siku mtu alipoanza kazi, siku alipoachishwa, na mshahara aliompa. Mtu akienda kwa tajiri mwingine kuomba shilingi mbili zaidi, tajiri huyo alikisoma kipande kwanza. Akiona kwamba jana mtu huyu alilipwa kidogo, kwa nini leo amlipe zaidi? Na kama yule wa kwanza hakutia sahihi ya kumwachilia, mtu hakuweza kuajiriwa kwingine kwa halali. Aliyetoroka alitafutwa kwa alama zake za vidole.

Fikirini jambo hili, ninyi mnaojifunza kusoma. Mtu alibeba shingoni maandishi yaliyoamua riziki yake, na mara nyingi yeye mwenyewe hakuweza kuyasoma.

Mwaka 1921 bei za mazao zilipoanguka, masetla wa Kenya walikubaliana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Pigeni hesabu: aliyepata shilingi 12 abaki na ngapi? Naam, 8. Kodi nayo ilikuwa imepandishwa. Ndipo kijana mmoja aliyefanya kazi ya simu Serikalini Nairobi, jina lake Harry Thuku, akaanza kuwakusanya watu wapinge kipande, kodi na kupunguzwa kwa mishahara. Akakamatwa Machi 1922. Tarehe 16 ya mwezi huo umati wa watu ulikusanyika mbele ya kituo cha polisi kudai aachiliwe, na watu wakapigwa risasi. Serikali ilitaja vifo 21. Wengine walisema waliokufa walizidi hapo. Thuku alipelekwa Kismayu, mbali na watu wake. Baadaye kodi ilipunguzwa kutoka shilingi 16 hadi 12, lakini kipande kilibaki. Mwaka 1947 ndipo ilipotungwa sheria mpya ya kuandikisha watu wa rangi zote, na kikopo cha shingoni kikaanza kutoweka.

4. Tupige hesabu

Sasa chukueni kalamu. Hesabu hii ni ya mfano tu, nimeitunga ili tujifunze njia ya kupima. Kuna watu wawili, na kila mmoja hulipwa shilingi 21.

Mtu wa kwanza hufanya kazi ya kipande cha mkonge. Alama zake 30 zamchukua siku 42. Kila siku ya kazi humaliza ngwe kwa saa 5.

Mtu wa pili hufanya kazi ya mwezi. Mwezi wake una siku 30. Hufanya kazi siku 26, na kila siku saa 8.

Shilingi 21 ni senti 2,100. Tuzigawe kwanza kwa siku za kuishi, kwa sababu tumbo halijui siku ya kazi wala siku ya mapumziko. Mtu wa kwanza: 2,100 kwa 42, apata senti 50 kila siku. Mtu wa pili: 2,100 kwa 30, apata senti 70. Mtu wa pili ameshinda.

Sasa tuzigawe kwa saa za kazi. Mtu wa kwanza: siku 30 mara saa 5 ni saa 150. Senti 2,100 kwa 150 ni senti 14 kila saa. Mtu wa pili: siku 26 mara saa 8 ni saa 208. Senti 2,100 kwa 208 ni senti 10 na ushei. Mtu wa kwanza ameshinda.

Mwaona? Shilingi ni zile zile. Ukipima kwa mwezi, huyu ana nafuu. Ukipima kwa saa, yule ana nafuu. Hakuna hesabu iliyo ya uongo. Kwa hiyo mtu akikuambia, "Nchi fulani hulipa vizuri kuliko nchi fulani," muulize kwanza, "Umepima kwa nini?" Tena uliza ni nani anayesema. Mwenye shamba wa Tanganyika alipenda kusema kwamba watu wake hufanya kazi saa chache. Mfanyakazi alijibu kwamba mfuko wake hauna kitu kabla ya majuma sita kwisha. Wote wawili walikuwa wakisoma hesabu ile ile, kila mmoja kwa upande wake.

Liko na swali jingine. Zile siku 12 ambazo mtu wa kwanza hakuingia kazini, alizifanyia nini? Kama alikuwa Mbondei au Msambaa mwenye shamba karibu, siku hizo zilikuwa mali: alipanda mahindi, alitunza migomba. Lakini kama alikuwa manamba, yaani mtu aliyeandikwa kwa namba na kuletwa kutoka Kigoma, au Njombe, au Ruanda-Urundi, akaishi katika kambi ya shamba la watu, siku hizo zilikuwa njaa. Kipande kile kile kilikuwa nafuu kwa huyu na dhiki kwa yule.

5. Nani aweza kukataa?

Tumefika katika neno HIARI.

Kwa nini wenye mashamba ya Tanganyika waliwakubalia watu kufanya kazi siku 30 katika majuma sita, badala ya kuwabana mwezi mzima? Hawakufanya hivyo kwa huruma. Walifanya hivyo kwa sababu watu wengi wa karibu waliweza kukataa. Katika Kilimanjaro na Bukoba, Waafrika walikuwa na kahawa yao wenyewe. Wachaga walianzisha chama chao cha wakulima mwaka 1925, na mwaka 1933 kikaja chama kikuu cha ushirika. Mtu mwenye kahawa yake, kwa nini aende kukata mkonge? Ndiyo maana wenye mashamba waliwatafuta watu wa mbali, katika sehemu zisizo na zao la kuuza, ambako kodi ilidaiwa na fedha haikuwapo. Mwaka 1944 walianzisha hata ofisi yao ya kuandika watu, iliyoitwa SILABU.

Katika Kenya njia ilikuwa nyingine. Ardhi nyingi nzuri ya nyanda za juu ilitengwa kwa ajili ya masetla. Kwa miaka mingi Mwafrika alizuiwa kulima kahawa. Ruhusa ilianza kutolewa kidogo kidogo miaka ya 1930, na kwa wingi baada ya 1954. Waliokosa mahali pa kulima waliingia katika mashamba ya masetla kama maskwota. Wao walipewa sehemu ya kulima na kuchunga, na kwa sheria ya 1918 walipaswa kumfanyia mwenye shamba kazi si chini ya siku 180 kwa mwaka. Sheria ya 1937 iliruhusu siku hizo ziongezwe hata kufika 270. Angalieni: mshahara wa skwota ulikuwa mdogo sana, kwa sababu sehemu ya malipo yake ilikuwa ni ile ruhusa ya kukaa. Mwenye shamba alipoongeza siku na kupunguza malisho, skwota alipunguziwa mshahara bila senti moja kuguswa.

Basi nawaambia hivi. Saa za kazi na mshahara havikuamuliwa na tajiri peke yake, wala na bei ya mkonge peke yake. Viliamuliwa pia na swali hili: Mtu huyu akisema "sitaki", atakula nini kesho? Mwenye shamba la kurudi alikuwa na sauti. Asiye nalo alichukua alichopewa.

6. Mshahara wa watu wangapi?

Limebaki neno WATU. Katika nchi zote mbili mshahara ulipangwa kama kwamba kila mfanyakazi ni kapera. Alihesabiwa chakula chake, nguo yake, kodi yake, na mahali pa kulala. Mke na watoto hawakuhesabiwa, kwa kuwa ilidhaniwa wako kijijini na wanajilisha. Maana yake ni kwamba jembe la mwanamke kule nyumbani lilimsaidia tajiri kulipa mshahara mdogo, wala mwanamke huyo hakuandikwa katika daftari lolote.

Mwaka 1954 kamati iliyoongozwa na Kamishna wa Kazi wa Kenya, Bwana F. W. Carpenter, ilitoa taarifa yake. Ilikuta kwamba karibu nusu ya wafanyakazi wa mijini walioajiriwa na watu binafsi, na karibu robo ya wale wa Serikali, walipata mshahara usiotosha mahitaji ya lazima. Kamati ilishauri kwamba mshahara wa kapera uachwe hatua kwa hatua, na mahali pake uje mshahara wa kutosha mtu na jamaa yake. Hilo lilikuwa jambo kubwa kuandikwa na Serikali. Lakini wafanyakazi walikuwa wamekwisha lisema zamani, bila taarifa.

Walilisema Januari 1947, watu wapatao 15,000 walipogoma Mombasa kwa siku 12, na kiongozi wao Chege Kibachia akakamatwa mwaka huo huo na kuhamishwa mbali. Walilisema Septemba 1947, makuli wa bandari ya Dar es Salaam walipoweka mizigo chini, na mgomo ukafuata reli kwenda bara. Mwaka 1955 vyama vya wafanyakazi vya Tanganyika viliungana katika shirikisho moja, na Rashidi Kawawa akawa katibu wake mkuu. Kuanzia hapo mtu hakusema "sitaki" peke yake. Shamba la kurudi hana, lakini ana wenzake.

7. Baada ya uhuru

Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961, Kenya mwaka 1963. Mwanzoni mwa 1963 mshahara wa chini wa Dar es Salaam uliwekwa kuwa shilingi 150 kwa mwezi. Watu walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini historia yatufundisha tutazame pande zote. Katika mashamba ya mkonge mishahara ilipopanda, wenye mashamba walipunguza watu na kuongeza kipimo cha kazi kwa waliobaki. Kisha, baada ya 1964, bei ya katani ilianguka, kwa maana kamba za viwandani zilizotengenezwa bila mkonge zilienea. Aliyebaki kazini alipata zaidi kuliko baba yake, kwa kazi ndefu zaidi. Aliyeondolewa hakupata kitu. Je, mshahara wa nchi ulipanda au ulishuka? Sasa mwajua kwamba swali hili halijibiwi kwa neno moja.

Yule Mama wa Tanga aliniuliza mwishoni, "Basi Mwalimu, baba yangu na baba wa Mzee huyu, nani alikuwa na nafuu?" Nilimjibu hivi: Baba yako alipomaliza ngwe yake, mchana ulikuwa wake. Baba wa Mzee, hata akiwa amelala, kipande kilikuwa shingoni. Lakini wote wawili walirudi nyumbani na fedha iliyohesabiwa kwa tumbo moja, na ninyi watoto mlikuwapo. Mzee akasema polepole, "Hiyo ndiyo kweli." Wakaendelea kusoma, nao walikuwa wameketi benchi moja.

Ndugu wasikilizaji, mkipewa karatasi ya kazi, msitie sahihi wala dole gumba kabla ya kusoma mambo manne: shilingi ngapi, saa ngapi, zitalisha watu wangapi, na kama nina hiari ya kuacha. Wazazi wetu hawakupata nafasi ya kuyasoma. Sisi tunayo.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kipande cha Tanganyika na kipande cha Kenya vilitofautiana namna gani?
2. Mtu alipwa shilingi 28 kwa kipande kilichochukua siku 40. Apata senti ngapi kila siku ya kuishi? Kama alifanya kazi siku 30, kila siku saa 4, apata senti ngapi kila saa? (Sehemu ya senti iacheni.)
3. Kwa nini mtu mwenye kahawa yake hakwenda kukata mkonge?
4. Waulizeni wazee wa kijijini kwenu: waliwahi kufanya kazi wapi, kwa siku ngapi, na nani alilima nyumbani wakati huo? Andikeni majibu katika daftari, mistari mitano tu, mje nayo somo lijalo.

Kwa leo ni hayo. Kwaherini, mpaka juma lijalo, saa hii hii.